Amplifaya ya Shemeji

Ilipofika siku ya kumi na moja ya kulala sebuleni kwa shemeji yake, fundi Ndeti alikuwa amekwisha kujua mambo mawili ambayo miaka ishirini na minne ya ushemeji haikuwa imemfunza: kwamba Muli hukoroma kwa besi, na kwamba hawezi kukata mkate bila kwanza kumtazama usoni kila atakayeula.

Chumba kilikuwa kimoja tu, huko Gatina, Kawangware, kimegawanywa kwa pazia la maua. Upande wa ndani alilala Muli, ambaye mkewe alikwenda Machakos kwa Krismasi na tangu hapo barabara hazijamrudisha. Upande wa nje, sakafuni, walijipanga Ndeti, mkewe Syombua na binti yao Wanza. Juu yao, kwenye meza iliyotandikwa kitambaa cha kufuma, ilikaa amplifaya ya Muli. Ilikuwa nyeusi, nzito kama debe la mahindi, na taa zake za kijani zilipanda na kushuka muziki ulipocheza. Muli aliinunua kwa ajili ya kwaya ya kanisa, ingawa kwaya yenyewe ilikuwa imeiona mara mbili tu. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: usiiguse. Ndeti, aliyekuwa amefungua redio za nusu ya Kibera kwa miaka kumi na tisa, alilala ameielekezea miguu, maana kichwa na mikono havikuaminika karibu nayo.

Walitoka Kambi Muru, kule Kibera, siku ya pili ya mwaka, ghasia za uchaguzi zilipolipuka na majirani walipoanza kuulizana kwao ni wapi, ilhali walikuwa wamejua jibu miaka yote. Ndeti alifunga duka kwa kufuli mbili, akatia mita yake ya kupimia stima na chuma cha kulehemu katika mfuko wa koti. Syombua alibeba blanketi na unga. Wanza, mwanafunzi wa elektroniki wa mwaka wa pili, alijifunga mgongoni kompyuta ya kukunja iliyochakaa pamoja na kisanduku cha buluu, kidogo kama kipande cha sabuni, ambacho mwalimu wake alimwazima kwa likizo. Syombua, aliyeacha sufuria mbili nzuri ili akimbie upesi, alikuwa hajakisamehe kisanduku hicho.

“Watu wengine wamekimbia na kuku,” alisema mara nyingi. “Sisi tumekimbia na kitu hakipikiki na hakilaliki.”

Wanza alimweleza kwa subira kwamba kitu hicho kinaitwa oskiloskopu. Unakiunganisha na kompyuta, unagusa mahali kwa kalamu yake ya kupimia, na kompyuta inakuchorea jinsi stima inavyotembea pale. Ndeti alisikiliza kwa uso wa mzazi anayeonyeshwa mchoro wa mtoto wa chekechea. Yeye stima hakuhitaji kuchorewa. Betri ndogo alizijua kwa kuzilamba, na nyaya kubwa alizijaribu kwa mgongo wa kidole, haraka, kama mtu anayepima joto la pasi. Kidole hicho kilikuwa na kovu jeupe, naye alilionyesha kwa fahari, kana kwamba ni cheti.

Muli naye alikuwa na maneno yake. Alipenda kusema, akinywa chai, kwamba fundi asiye na duka ni kama padri asiye na kanisa: mavazi anayo, ila sadaka haiji. Kisha alimwongezea Ndeti sukari nusu kijiko, kuonyesha kwamba ni utani tu. Ndeti alicheka kila mara, na kila mara kicheko kilikuwa kifupi kuliko cha jana. Habari za duka lake hakuwa nazo. Hakuna aliyevuka kwenda Kibera na kurudi na jambo la kueleweka.

Asubuhi ya siku hiyo ya kumi na moja stima ilipotea kwenye ploti nzima. Muli alikuwa bado anaisikitikia amplifaya iliyonyamaza, Syombua akaingia mbiombio. Alikuwa amepata kibarua cha kufua mashuka kwenye zahanati ndogo ya kanisa, mwendo wa dakika kumi na tano kutoka hapo, na sasa alirudi mikono ingali na povu.

Alieleza akiwa amesimama. Mashine ya oksijeni ya zahanati ilikuwa imekataa kufanya kazi. Watu wa kuitengeneza walikuwa mjini, na kwenye simu walisema watakuja barabara zikifunguliwa. Kulikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni, na Sista Rachael, muuguzi, alikuwa amekadiria kwamba utafika saa kumi alasiri, usivuke hapo. Aliyeutegemea ni mtoto wa miezi mitano mwenye nimonia. Kumpeleka hospitali kubwa kulijaribiwa alfajiri; gari lilirudishwa kwa mawe.

“Nimemwambia Sista mume wangu ni fundi,” alimaliza Syombua, na hapo ndipo alipomtazama Ndeti vizuri, kama mtu aliyeahidi kuku kabla ya kuchungulia banda.

Ndeti hakuwahi kuona mashine ya oksijeni. Lakini ilikuwa siku ya kumi na moja, na mtu alikuwa amemwita fundi. Alivaa koti. Wanza alifunga kisanduku na kompyuta katika leso, akamfuata bila kuulizwa.

Mashine ilikuwa na magurudumu na kimo cha stuli. Ukiiwasha ilinguruma, ikapumua mara tatu nne kama mzee anayepanda ngazi, kisha ikalia piii, ikawasha taa nyekundu na kuzima. Kando yake kulikuwa na kitanda kidogo, na juu yake mtoto aliyefungwa mpira mwembamba puani. Mbavu zake ziliingia ndani kila alipovuta pumzi. Mama yake, mwanamke kijana aliyeitwa Sella, aliinua macho fundi alipoingia. Alimtazama Ndeti kitambo, halafu akageuza uso ukutani na hakuugeuza tena. Ndeti aliliona hilo. Siku hizo watu walikuwa wakigeuziana nyuso kwa sababu ya majina ya ukoo, na yeye alikuwa ameanza kuzoea.

Alifungua kifuniko, akajisikia amefika nyumbani. Ndani mlikuwa na kompresa ya kusukuma hewa, vali, transfoma, na bodi ndogo ya kijani. Alichomeka mashine, akaweka mita yake kwenye bodi. Volti kumi na mbili. Akapima tena, Sista Rachael akitazama. Kumi na mbili, kama kitabuni.

Akajifuta mikono na kutoa hukumu kwa sauti ya daktari. Bodi ni nzima. Kilichokufa ni kompresa, na kompresa haitengenezwi kwa mkono.

Sista Rachael alikwenda kuangalia saa ya mtungi, ile ya mshale unaoonyesha hewa iliyobaki, akarudi, akawa anafunga na kufungua kifungo cha sweta yake.

“Baba,” Wanza alisema polepole, “naomba nione hiyo kumi na mbili.”

“Si umeiona kwa mita?”

“Mita inasema wastani. Mimi nataka kuona kama imetulia.”

Ndeti alimruhusu kwa namna mtu anavyomruhusu mgeni kusali kabla ya chakula ambacho yeye ameshaanza kula. Wanza akafungua kompyuta juu ya stuli, akaunganisha kisanduku cha buluu. Kalamu ya kupimia ilikuwa na waya mweusi wenye klipu ya meno, na Ndeti, ili binti asichelewe, na labda ili Sista asidhani kwamba hakijui chombo, akaishika klipu ile. Mashine ilikuwa ingali imechomekwa ukutani. Alinuia kuanza na upande stima inakoingilia, maana fundi yeyote huanza mlangoni, akapeleka klipu kwenye waya wa kahawia.

Wanza aliudaka mkono wake hewani.

Tangu azaliwe, binti huyo hakuwa amewahi kumshika baba yake hivyo, na sasa alimshika mbele ya watu, kwa nguvu, kama askari anavyomshika mwizi wa kuku. Syombua mlangoni aliziba mdomo kwa kitambaa. Mwanamke mmoja aliyekuja na mtoto wa kikohozi akajifanya anasoma bango la chanjo.

“Hiyo klipu imeshikana na kompyuta ndani kwa ndani,” alisema Wanza. Mkono hakuuachia. “Ukiibana hapo, stima ya ukuta inaingia kwa laptopu, na mimi nimeishika laptopu. Kisanduku kitaungua. Na mimi pia.”

“Si iko kwa betri,” Ndeti alisema, akitafuta pa kushikilia.

“Hata ikiwa kwa betri, Baba. Betri haijui nani amebana wapi. Huo upande hatuugusi kabisa.”

Ndeti aliurudisha mkono wake polepole. Alitamani kusema kwamba alikuwa akitengeneza redio kabla Wanza hajajua kusema, na neno hilo lilifika hadi kwenye ulimi. Lakini nyuma yake mtungi wa oksijeni ulikuwa ukinong'ona, na alijua unanong'ona kwa hesabu.

“Basi niambie ni wapi,” alisema.

Wanza akamwambia, na baba akafanya. Walichomoa mashine ukutani. Kwa balbu yenye nyaya mbili walinyonya stima iliyobaki ndani ya kapasita kubwa, kile kikopo kinachoweka akiba ya stima, na balbu ikamulika kidogo, ikazima, jambo lililomfanya Ndeti akitazame kidole chake chenye kovu kwa mawazo mapya. Waliigeuza swichi ya kalamu mpaka kwenye alama ya kumi, ili kisanduku kipokee sehemu ndogo tu ya kinachopita. Klipu wakaibana kwenye hasi ya bodi, ng'ambo ya transfoma, kwenye stima ndogo isiyo na njia ya kurudi ukutani. Hayo yote yalipokwisha kubanwa, ndipo Wanza alipomwambia mama yake achomeke, na kumwomba baba yake atie mikono mfukoni. Ndeti akaitia, yote miwili.

Kwenye kioo cha kompyuta ulitokea mstari. Stima ya kumi na mbili iliyo nzima ingepita pale imenyooka kama uzi wa mwashi. Huu ulikuwa umechongoka meno kama kitana, na kila vali ilipofunguka uliporomoka chini, ukajikokota kupanda, ukaporomoka tena. Mara ya nne haukupanda. Mashine ikalia piii.

Wanza aliutazama akikunja uso. Aliona kwamba ni mbaya, ila kitabu cha mwaka wa pili kilikuwa hakijafika hapo. Ndeti ndiye aliyesogea, mikono ingali mfukoni, mpaka pua ikakaribia kioo. Mstari ule aliujua. Hakuwa ameuona maisha yake yote, lakini alikuwa ameusikia mara elfu: ni ule mvumo wa redio iliyozeeka, mmmm, unaozidi ngoma inapopiga.

“Hiyo ni kapasita ya kuchuja,” alisema. “Imekauka. Kwa nje iangalie ilivyo nzuri, hata kichwa hakijafura, na ndani ni maganda. Bodi ikiomba nguvu kidogo, haina akiba ya kuipa.”

“Kwa hivyo kompresa ni nzima?” aliuliza Sista Rachael.

“Nzima. Nilisema vibaya, Sista.”

Aliyasema hayo upesi, kama mtu anayemeza dawa chungu, akaona kwamba hayakumuua.

Ilikuwa saa saba na nusu. Kapasita ya namna ile, siku za kawaida, ungeipata kwenye duka lolote la vipuri. Siku hiyo maduka yote yalikuwa yameteremsha mabati. Ndeti alisimama akiwaza ni chombo gani kilicho karibu chenye kapasita kubwa na nzima, akawaza kwa urefu, maana jibu lilikuwa limemjia mapema na hakulipenda. Syombua alimtazama usoni, akalisoma.

“Hiyo niachie mimi,” alisema.

Muli aliwapokea mlangoni, akasikiliza yote, akasikitika kwa dhati. Kisha alieleza kwa nini haiwezekani. Amplifaya si yake hasa, ni ya Bwana. Isitoshe, ikifunguliwa hupoteza sauti. Aliambiwa na aliyemuuzia. Isitoshe tena, kuna mafundi, na hapo alikohoa kidogo, ambao hufungua vitu vikabaki na skrubu za ziada.

Syombua aliketi kwenye kiti cha Muli mwenyewe. Alikuwa dada yake mkubwa, amemzidi miaka tisa, na alikuwa ameitunza miaka hiyo kwa siku kama hii.

“Muli, ulipougua surua nilikubeba mgongoni kutoka kwetu mpaka Kangundo, mvua inanyesha. Unakumbuka ulinifanyia nini mgongoni?”

Muli alimtupia Wanza jicho, akasema si lazima kurudi huko kote.

“Nilivaa hilo gauni mpaka jioni,” aliendelea Syombua bila haraka. “Sikumwambia mtu. Mpaka leo kwaya haijui.”

Muli alikwenda kuchomoa nyaya. Lakini kwa kuwa ploti haikuwa na stima, na chuma cha kulehemu hakipati moto kwa maombi, ilibidi amplifaya ipelekwe nzima zahanati. Alikataa mtu mwingine asiibebe. Aliifunga kwa shuka lake, akaipakata kifuani kama bibi harusi, akatangulia.

Hawakufika mbali. Karibu na kona vijana kama saba walikuwa wamepanga mawe na fremu ya kitanda barabarani. Mmoja, mwenye kofia ya sufu na rungu, aliinua pembe ya shuka kwa ncha ya rungu lake.

“Buda, hii umebomoa duka gani?”

Muli alisema ni yake, ana risiti nyumbani, na wanaipeleka hospitali. Vijana walitazamana.

“Siku hizi wagonjwa wanachezewa rhumba?” aliuliza mwenye kofia, na wenzake wakacheka, ila marungu hayakucheka. Mwingine akauliza swali ambalo Ndeti alikuwa akilingoja: nyinyi ni watu wa wapi. Alijua kwamba kwa swali hilo hapakuwa na jibu zuri, kulikuwa tu na majibu mabaya ya aina mbalimbali.

Wanza ndiye aliyesonga mbele. Hakujibu swali hilo. Aliwasalimu kwa niaje, akawaeleza kwa lugha yao kwamba kuna mtoto wa miezi tano pale kliniki, hewa yake inaisha saa kumi, na ndani ya hii kitu kuna kipande kimoja tu wanachotaka. Wasipoamini, mmoja wao aje aone. Mwenye kofia alimsikiliza, akatafuna kijiti chake, akatazama chini. Macho yake yakatua kwenye viatu vya Muli, vya kahawia, vya Krismasi.

“Sawa, pitisheni,” alisema. “Lakini barabara ina kodi.”

Muli, ambaye kwa siku kumi na moja alikuwa na neno kwa kila jambo, alivua viatu bila kuiweka amplifaya chini, akikanyaga kisigino kimoja kwa kidole cha mguu mwingine, shemeji yake akimshika kiwiko asianguke. Alitembea njia iliyobaki kwa soksi. Ndeti alikuwa na utani tayari, mzuri kabisa, kuhusu padri na miguu mitupu. Alimtazama Muli akiruka dimbwi huku ameikumbatia amplifaya yake, akaumeza.

Saa tisa na robo chuma cha kulehemu kilikuwa cha moto. Ndeti alinyonya stima kwa balbu, safari hii bila kukumbushwa, akaitoa kapasita ya Muli. Muli aligeuka dirishani, kama anayetahiriwa mtoto wake. Kapasita ilikuwa kubwa kuliko pango lake jipya. Ililazwa ubavu na kufungwa kwa uzi wa bandeji aliotoa Sista. Ndeti alikagua maungio yake, akakagua tena, akaibana klipu kwenye hasi.

“Sawa hapo?” alimwuliza Wanza.

“Sawa, Baba.”

Akatia mikono mfukoni. Syombua akachomeka.

Mstari ulitokea, ukatikisika mara moja, ukanyooka. Vali zilifunguka na kufunga, pshii, kimya, pshii, na mstari ukanepa kwa unywele tu na kurudi mahali pake. Walingoja pumzi ya nne, ikapita, na ya tano. Ilichukua dakika kadhaa kabla taa nyekundu haijazima na ya kijani kuwaka, na hapo Sista Rachael akaukata mpira kwenye mtungi na kuupachika kwenye mashine. Mshale wa mtungi ulikuwa umebakiza upana wa kidole kufika sifuri.

Ndeti alikaa mbele ya kioo kile mpaka betri ya kompyuta ilipokwisha. Muli alirudi nyumbani amevaa ndara za waridi kutoka wadi ya wazazi, amplifaya kifuani. Kila aliyekutana naye njiani, Muli alimweleza kwamba mtoto anapumua kwa kapasita yake.

Siku ya tatu walimwondoa mtoto kwenye mashine. Ndeti alikuwa amekuja kuikagua, akamkuta Sella anafunga virago. Safari hii mwanamke huyo hakugeuza uso. Alimwomba fundi watoke nje kidogo, karibu na kamba za nguo, akasimama akimtikisa mtoto aliyekuwa amelala fofofo na hakuhitaji kutikiswa.

“Mimi ni wa Gatwekera, huko Kibera,” alisema. “Nakujua. Ni wewe wa ile duka ya redio ya Kambi Muru.”

Ndeti alisema ni yeye.

“Walivunja Ijumaa ile ya kwanza. Watu wengi.” Alitazama miguu yake. “Kwangu kuna tivii. Vincent, bwana yangu, aliibeba. Nilimwambia arudishe, akasema mwenyewe ashaenda kwao.”

Hivyo ndivyo Ndeti alivyopata habari za duka lake. Alishika kamba ya nguo. Miaka kumi na tisa ilimpita mbele ya macho, rafu moja baada ya nyingine, kila redio na karatasi yake yenye jina la mteja, na hasira ikampanda. Sella alingoja, kidevu kimegusa kichwa cha mtoto. Mtoto akapiga chafya, akaendelea kulala. Pumzi yake ilikuwa inaingia na kutoka bila kelele, kama ya mtoto yeyote.

“Ni ile nyeusi, ya kioo kidogo?” Ndeti aliuliza hatimaye.

“Ndiyo hiyo.”

“Inaonyesha?”

“Hapana. Anashinda akiigonga. Jana kwa simu amesema kesho ataifungua nyuma.”

“Haiwezi kuonyesha. Iliharibika tangu mwezi wa kumi. Ni ya Okello wa bucha, aliniletea niitengeneze, na mpaka leo ananisumbua.” Alikaribia kucheka, halafu akaacha, akamtazama usoni. “Sikia, mama. Mwambie asiifungue. Hata kama ameichomoa ukutani, hata siku mbili, ndani kuna mahali panakaa na stima, na inarusha mtu. Asiguse chochote. Aniwekee tu, nikirudi nitaitengeneza.”

Sella aliitikia. Ndeti alimwambia ayarudie, akayarudia. Akakosea mahali, Ndeti akamrekebisha, naye akayarudia tena mpaka yakakaa sawa. Kisha Sella alimfunga mtoto vizuri mgongoni na kushika njia ya Kibera kwa mwendo wa haraka, midomo ikicheza kama ya mtu aliyetumwa dukani: asifungue, hata ikiwa imechomolewa, asiguse kitu, amwekee fundi.